Kupunguza nini? Pilates, mizani na maneno yetu ya mwili

Kuna kauli moja ambayo mwanamke wa Kisangani huisikia kila upande: punguza uzito. Muuguzi humwambia akimaliza kumpima presha. Rafiki humwambia anapojaribu nguo ya arusi na zipu ikakataa kupanda. Kisarufi hakuna la kulalamikia: kitenzi katika hali ya kuamuru, kikifuatwa na shamirisho yake. Kimaana, naona shamirisho hiyo si ile inayotakiwa, na matokeo yake ni kwamba wanawake wengi huacha mazoezi kabla hayajawafaa. Katika makala haya nitaeleza kwa nini, kwa kutumia zoezi ambalo limetufikia hapa kwa njia ya simu na ambalo baadhi ya wenzangu wa kitivo wanalifanya juu ya mkeka mara tatu kwa wiki. Zoezi hilo linaitwa Pilates.

Kwanza jina. Wenzetu walipolisikia mara ya kwanza waliuliza kama lina uhusiano na Pontio Pilato wa kwenye Imani ya Mitume. Halina. Joseph Pilates alikuwa Mjerumani, aliyezaliwa mwaka 1883 Mönchengladbach. Vita vya kwanza vya dunia vilimkuta Uingereza, naye akazuiliwa kambini pamoja na Wajerumani wengine, mwishowe katika kisiwa cha Man, na inasimuliwa kwamba huko ndiko alikokomaza mazoezi yake. Mnamo 1926 alihamia New York, akafungua chumba cha mazoezi ambacho wacheza dansi walikipenda sana. Yeye mwenyewe hakuyaita mazoezi hayo Pilates. Aliyapa jina linalomaanisha elimu ya kuudhibiti mwili. Alifariki mwaka 1967, na baada yake wanafunzi wake ndio walioyaita kwa jina la mwalimu wao.

Sisi watu wa isimu tuna sababu ya kutua hapa kidogo. Kampuni moja ya Marekani ilitaka kulimiliki jina hilo kama alama ya biashara, lakini mwaka 2000 mahakama ya shirikisho ya New York iliamua kwamba Pilates ni jina la aina ya mazoezi tu, kwa hiyo halimilikiwi na mtu. Kwa maneno ya darasani, jina la pekee limegeuka kuwa nomino ya kawaida, na hakimu amelithibitisha. Katika Kiswahili nomino hiyo imeingia ngeli ya tisa bila ubishi, kama maneno mengi ya kigeni: Pilates hii, Pilates inachosha, Pilates yangu ya jioni.

Na inafanywa namna gani? Mtu hulala chali, kifudifudi au ubavu, akainua miguu, kichwa au kiwiliwili polepole, akipumua kwa mpango na kukaza misuli ya ndani ya tumbo, ya mgongo na ya sakafu ya nyonga. Hakuna kuruka, hakuna chuma cha kubeba. Anayetazama kwa dirishani atadhani watu wanapumzika. Anayefanya hutetemeka mapaja baada ya dakika kumi.

Ni nani basi mwanamke asiyejishughulisha, huyu ambaye watafiti humtaja katika majaribio yao? Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za kazi ya mwili ya wastani kwa wiki, au nusu ya hizo zikiwa za kazi nzito. Asiyefika hapo ndiye asiyejishughulisha. Neno spoti halimo katika kipimo hicho, na hapa mji wetu unahitaji kusomwa kwa uangalifu. Mama anayetoka Lubunga na mzigo wa mihogo kichwani, akavuka mto kwa pirogi, akapanda hadi sokoni, hajawahi kufanya spoti maishani mwake, lakini dakika 150 anazimaliza siku ya pili ya wiki. Anayetwanga sombe kwa kinu kila jioni naye ana hesabu yake. Asiyejishughulisha ni mwingine: ni mwanafunzi anayekaa kwenye benchi tangu asubuhi, karani, mama muuza vitenge aliyeketi nyuma ya meza yake mchana kutwa, na sisi sote tunaopanda pikipiki kutoka Kabondo hadi chuoni kwa safari ambayo wazazi wetu waliitembea. Kadiri mwanamke anavyosoma ndivyo anavyokaa zaidi. Sijui kama wazazi waliotuuzia mbuzi ili tusome waliyawazia haya.

Sasa maneno. Kiswahili kina kunenepa, kitenzi kilichotokana na kivumishi -nene kwa kuongezwa -p-, kiambishi cha kale kinachoonyesha kuingia katika hali fulani. Kina kunona, ambacho vitabu vya pwani hukiweka zaidi kwa mnyama, ingawa nyumbani kwetu shangazi hunona bila kutukanwa. Upande wa pili kuna kukonda, ambacho jirani yetu Kilingala nacho anacho kwa umbo linalokaribiana. Angalia vitenzi hivi vinavyofanya kazi. Mtu ambaye amekuwa hivyo tangu kuzaliwa ni mwembamba. Lakini ukisema amekonda, kiambishi -me- kinaleta habari: kuna jambo limetokea, kabla ya leo alikuwa mwingine. Ndiyo maana anayeambiwa "umekonda" huulizwa papo hapo, "una nini?" Katika miaka ambayo UKIMWI uliua watu wengi bila dawa, swali hilo lilikuwa na jibu moja tu midomoni mwa majirani, na hofu hiyo bado inakaa ndani ya kitenzi. Amenenepa, kwa upande wake, ni sifa: mume anamtunza, biashara inakwenda.

Mwanamke wetu anasimama kati ya kauli mbili. Kituo cha afya kinamwambia apunguze. Mtaa unamwambia akipungua ataonekana mgonjwa. Na zote mbili, ukizichunguza, zinazungumzia jambo moja tu, yaani ukubwa. Hakuna inayouliza ukubwa huo umetengenezwa na nini.

Watafiti huuliza hivyo hivyo. Wanachokitafuta ni sehemu gani ya mwili ni mafuta na sehemu gani ni kila kitu kingine: misuli, mifupa, maji, viungo vya ndani. Tafsiri ninayoiona mara nyingi ni "muundo wa mwili", nami siipendi. Muundo ni mpangilio. Tunasema muundo wa sentensi. Sentensi mbili zinaweza kuwa na muundo mmoja na maneno tofauti kabisa, na hapa tunachotaka kujua ni maneno, si mpangilio. Nitasema "uwiano wa mafuta na misuli". Ni kirefu, lakini mama yangu anakielewa bila maelezo.

Kumpima mtu kwa kilo peke yake ni kama kusahihisha insha kwa kuhesabu kurasa. Hata ile fomula maarufu ya kugawa kilo kwa urefu uliozidishwa kwa urefu haiponi hapo. Ilibuniwa na Mbelgiji Adolphe Quetelet katika karne ya 19. Yeye hakuwa daktari. Alikuwa mwanatakwimu na mnajimu aliyemtafuta "mtu wa wastani". Mwaka 1972 mtafiti Mmarekani Ancel Keys aliifufua na kuipa jina ambalo hospitali zote zinalitumia leo. Kwa makundi makubwa ya watu ni chombo kizuri. Kwa mtu mmoja, haitofautishi kilo ya mafuta na kilo ya msuli. Na kilo hizo hazifanani: lita moja ya mafuta ya mwilini ina takriban kilo 0,9, lita moja ya msuli takriban kilo 1,06. Msuli unachukua nafasi ndogo zaidi kwa uzito uleule.

Chukua mfano wa hesabu tu. Mwanamke ana mita 1,60 na kilo 70, na asilimia 38 ya uzito wake ni mafuta, yaani kilo 26,6. Baada ya miezi kadhaa ya mazoezi amepoteza kilo 2,5 za mafuta na kupata kilo 1,5 za misuli. Mizani itasema 69. Fomula ya Quetelet itashuka kutoka 27,3 hadi 27. Atasema amepoteza muda wake. Lakini mafuta yake sasa ni kilo 24,1, asilimia 35 hivi ya mwili. Kilichobadilika ni kile ambacho mizani haina jicho la kukiona.

Je, Pilates huleta badiliko la namna hiyo? Hapa inatupasa kuwa wakweli, kwa sababu video za simu si za kweli. Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti wa Neil Segal na wenzake waliowafuatilia watu wazima 47, wanawake 45 na wanaume wawili, waliofanya Pilates saa moja kwa wiki kwa miezi sita. Unyumbufu wao uliongezeka waziwazi: waliinama wakakaribia zaidi kugusa sakafu kwa vidole. Uwiano wa mafuta na misuli haukubadilika. Mapitio ya tafiti yaliyotoka mwaka 2012 yalisema ushahidi kuhusu jambo hili ulikuwa bado dhaifu. Kisha mwaka 2021 uchanganuzi mwingine uliunganisha majaribio 11 yenye watu 393 waliokuwa na uzito uliozidi, ukawalinganisha waliofanya Pilates na wale ambao hawakubadili chochote katika maisha yao. Wa Pilates walipungua kwa wastani kilo 2,4, na asilimia ya mafuta ilishuka kwa pointi 4 na ushei. Mzunguko wa kiuno haukuonyesha tofauti ya kuaminika, wala uzito wa mwili usio mafuta.

Nani asadikiwe? Mimi napenda kuanza na hesabu ya nguvu, ambayo yeyote anaweza kuifanya kwa kalamu. Mtu aliyekaa kimya hutumia takriban kalori moja kwa kila kilo ya mwili kwa saa. Pilates ya mkekani hukadiriwa kuwa mara tatu ya hapo. Mwanamke wa kilo 70 atatumia kalori kama 210 kwa saa, lakini 70 kati ya hizo angezitumia hata akiwa ameketi. Faida halisi ni 140. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina kalori 7700 hivi. Gawanya: saa 55. Kwa saa moja kwa wiki, ule mpango wa 2004, miezi sita inatoa nusu kilo, nayo inapotea ndani ya makosa ya kipimo. Kwa saa tatu kwa wiki, kilo hiyo moja inachukua wiki 18. Ni makadirio tu, maana miili haifuati kalamu, lakini yanaonyesha kwamba tafiti hizo hazipingani sana kama zinavyoonekana. Kinachotofautiana ni dozi. Nami zile kilo 2,4 nazichukua kwa tahadhari: majaribio mengi yalikuwa madogo, na anayeanza mazoezi mara nyingi huangalia na sahani yake.

Sahani yetu ni sura nyingine. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya mawese kina kalori kama 120, karibu saa nzima ya Pilates. Sitaki kusikika kama ninamshitaki mawese. Sombe bila mawese si sombe, na lituma bila mchuzi wake ni adhabu. Nasema tu kwamba yule anayejipongeza kwa mikate ya kukaanga baada ya mazoezi amekwisha kurudisha alichotoa.

Kwa nini basi kuifanya? Kwa sababu mwanamke aliyekaa miaka mingi bila kujishughulisha hapotezi tu nafasi ya kuchoma mafuta. Anapoteza misuli. Msuli ndio sehemu kubwa inayopokea sukari baada ya chakula, na unapofanya kazi huivuta kutoka damuni. Mafuta mabaya kuliko yote ni yale ya ndani, yanayozunguka matumbo na ini, na hayo huitikia mazoezi hata pale mizani inapobaki palepale. Pilates pekee si dawa kamili ya hayo. Kutembea kwa haraka hutumia nguvu zaidi kwa saa, na ningemshauri yeyote achanganye vyote viwili. Lakini kwa mtu ambaye mgongo unamuuma, ambaye hawezi kukimbia barabarani bila watoto kumfuata wakipiga kelele, mkeka ndani ya chumba kilichofungwa ni mlango anaoweza kuuingia. Gharama yake ni mkeka. Aliyejifungua karibuni au mwenye ugonjwa wa mgongo amwone daktari kwanza.

Mama yangu mdogo ana kisukari. Kituo kimoja cha afya kilimwambia "punguza uzito", kikaishia hapo. Yeye ni mtu wa kutii. Alikula mara moja kwa siku, akaketi kwa sababu hakuwa na nguvu za kusimama, na baada ya miezi mitatu alikuwa amepungua kilo sita. Mtaa ukaanza kunong'ona. Kanisani alishindwa kuinuka kutoka kwenye benchi bila kushikwa mkono. Neno alilopewa alilitekeleza sawasawa: uzito ulipungua. Hakuna aliyemwambia ni uzito wa nini. Mtu asiyekula vya kutosha wala kujishughulisha hupoteza mafuta na misuli kwa pamoja, na kwa mwenye kisukari hasara ya misuli ni hasara ya dawa aliyozaliwa nayo. Kama angeambiwa "punguza mafuta, tunza misuli", maneno manne tu, angeuliza swali la pili: kivipi?

Ndiyo sababu naona kazi hii ni ya kitivo chetu pia, si ya waganga peke yao. Wao husoma kwa Kifaransa, kisha wanatafsiri papo hapo mbele ya mgonjwa, kwa Kiswahili au kwa Kilingala, bila mtu wa kuwauliza kama neno limefika. Nina mfano mwingine, nao umetusumbua hata sisi wenyewe mkekani. Katika kundi letu tuliamua kuweka mizani kando na kutumia utepe wa fundi wa nguo. Tukaambiana: pima kiuno. Kila mmoja akapima mahali pake. Mmoja alipima pale anapofungia kikwembe, chini, karibu na nyonga. Mwingine alipima kitovuni. Wa tatu aliuzungusha utepe juu, chini kidogo ya mbavu. Kwa mtu yuleyule, siku ileile, tulipata tofauti ya sentimita tisa. Kiuno cha Kiswahili ni eneo zima, la kufungia nguo, la kuchezea ngoma na la kuumwa uzeeni. Kiuno cha watafiti ni mstari mmoja.

Mstari huo ni huu: katikati ya ubavu wa chini kabisa unaoweza kuugusa na ukingo wa juu wa mfupa wa nyonga. Unasimama wima, unatoa pumzi kwa kawaida bila kuvuta tumbo, utepe ukiwa sambamba na sakafu, umegusa ngozi bila kubana. Kwa wanawake, kuanzia sentimita 80 hatari ya kisukari na moyo huanza kupanda. Kupita 88 imepanda sana. Mipaka hiyo ilitokana na vipimo vya Wazungu, na Shirikisho la Kimataifa la Kisukari linapendekeza tuitumie Afrika kusini mwa Sahara kwa kuwa vipimo vya watu wetu wenyewe havijatosha. Kwa hiyo siichukulii kama sheria ya Musa. Ninachokiamini zaidi ni kumlinganisha mtu na yeye mwenyewe, kwa utepe uleule, mahali palepale, kila baada ya wiki nne. Kila wiki ni mapema mno: maji, chumvi na siku za hedhi hubadili namba bila mafuta kuguswa. Hata zile mizani za kisasa zinazodai kupima asilimia ya mafuta hupitisha umeme mdogo mwilini na kukadiria kutokana na maji, hivyo ukipima una kiu na ukipima umekunywa utapata majibu mawili.

Mmoja wetu ametuacha. Alikuja wiki saba, akapanda mizani kwa jirani yake, akakuta amepungua gramu mia tatu, akasema heri alale. Tulimwonyesha daftari: siku ya kwanza alishindwa kushikilia mwili wake juu ya viwiko kwa zaidi ya sekunde 12, wiki ya saba alifika 50. Alitazama, akauliza, "Na hizo sekunde zinapunguza nini?" Hatukuwa na neno moja la kumjibu, nami bado nalitafuta. Waliobaki wamekubali kwamba daftari liwe na safu nne: sentimita za mstari ule, sekunde za viwiko, idadi ya kuinuka kitini bila kushika kitu kwa nusu dakika, na usingizi. Safu ya kilo tumeiweka ya mwisho, na anayetaka anaijaza.